Usiulize Raba Kwanza

Kaa kidogo, mwanangu. Najua una haraka na simu yako haitulii. Umepata nafasi ya kwenda Marekani kusoma na kucheza mpira wa wavu, na swali la kwanza uliloniuliza, hata kabla ya ada, ni kama chuo chenyewe kinavaa Nike au Adidas. Sikukucheka. Huko unakokwenda watu wazima wenye shahada zao hulijadili swali hilohilo vikaoni, tena kwa mamilioni ya dola. Ila wao wanajua wanachouliza.

Anza na hili. Ile nembo utakayoikuta kwenye jezi haikuwekwa pale kwa ajili ya wavu. Mikataba ya vifaa huandikwa kwa chuo kizima, na bei yake hupangwa na futiboli yao ya kofia ngumu pamoja na kikapu, michezo inayojaza televisheni. Wavu hupanda gari la mwenzake. Miaka ya mwisho ya 1970 mtu mmoja wa Nike, Sonny Vaccaro, alikuwa akiwalipa makocha wa kikapu ili wawavishe vijana wao raba za kampuni. Kocha alipata pesa, kijana alipata raba. Mwaka 1987 Nike ikafunga mkataba wa michezo yote na Chuo Kikuu cha Miami. Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi.

Sasa nikupe kisa cha UCLA, cha kule Los Angeles. Katika wavu wa wanaume hakuna chuo kilichowafikia. Ubingwa wa kitaifa wa vyuo ulipoanza mwaka 1970, wao ndio waliochukua kombe la kwanza, na hadi 2006 walikuwa wamelichukua mara 19. Kisha kisima kikakauka. Mei 2016 chuo kikatangaza mkataba na Under Armour: miaka 15, dola milioni 280. Wakati ule haukuwapo mkataba mkubwa kuliko huo katika michezo ya vyuo vya Marekani. Na kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, zilitaka nembo ya mtengenezaji kwenye jezi isizidi inchi za mraba mbili na robo. Pesa zote zile kwa kialama cha ukubwa huo! Mimi bado nashangaa.

Juni 2020, korona imeshafunga viwanja, kampuni ikasema inajitoa. Ikadai kwamba chuo hakikuipa manufaa ya kibiashara kilichoyaahidi. Mkataba wa miaka 15 ulikuwa umetumika miaka mitatu tu. Chuo kikaenda mahakamani, na mwaka 2022 wakapatana, kampuni ikalipa kama dola milioni 67. Wakati huo UCLA ilikuwa imeshahamia Nike kwa pesa ndogo sana kuliko zile za kwanza. Na hata humo ndani hawakuwa sawa: futiboli na kikapu walivaa nembo ya Jordan, wengine wakavaa Nike ya kawaida. Wavu walikuwa miongoni mwa hao wengine.

Mwaka 2023 vijana wa wavu wa UCLA wakawa mabingwa kwa kuifunga Hawaii. Mwaka 2024 wakarudia, safari hii kwa Long Beach State. Nakuona unatabasamu. Unataka kusema walibadili raba ndipo wakashinda. Nikiwa na umri wako ningesema hivyohivyo. Lakini kocha wao, John Speraw, aliajiriwa pale mwaka 2012. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo, maana alishachukua mataji matatu akiwa na UC Irvine. Bado ilimchukua zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo vijana wake walivaa Adidas, wakavaa Under Armour, wakavaa Nike. Waliopita mwanzoni walifanya mazoezi yaleyale, wakahitimu, wakaenda zao bila kombe. Hao ndio ninaowafikiria zaidi, kwa sababu huenda na wewe ukawa mmoja wao.

Muulize dada yako, anayekesha akitazama wasichana wa wavu wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Nebraska walishinda 2015 na 2017 wakiwa na Adidas. Stanford walishinda 2016, 2018 na 2019 wakiwa na Nike. Desemba 2021 Wisconsin, waliovaa Under Armour, waliwafunga haohao Nebraska kwa seti tano. Kama kombe lingekuwa linafuata nembo, lingekuwa limeshachagua pa kukaa.

Ila nisikudanganye kwamba udhamini hauna kazi. Timu yenye vifaa hufanya mazoezi bila kuazimana pedi za magoti. Wasichana wa kule hawakuvipata vifaa hivyo kwa ukarimu wa kampuni. Sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ndiyo iliyofungua mlango, na vifaa ni miongoni mwa mambo yanayokaguliwa. Kisha watazamaji wakaja. Agosti 30, 2023, watu 92,003 walijaa uwanja wa futiboli wa Nebraska kuangalia wavu wa wanawake. Kampuni zina macho. Zinakwenda walipo watu.

Lakini mahali udhamini unapougusa ubingwa hasa ni kwako wewe, na watoto kama wewe. Mtoto mwenye kipaji anaiona nembo, anaipenda, anakichagua chuo. Wakikusanyika wenye vipaji wengi, chuo kinashinda, kinaonekana kwenye televisheni, na mkataba unaofuata unakuwa mnono zaidi. Lile swali lako la kwanza, mwanangu, lina wanaolilipia. Wamelipanga kabla hujaliuliza, na wala siwalaumu sana, ndiyo biashara yao. Wewe nakutaka ulijue tu.

Nina sababu ya kuling'ang'ania jambo hili. Nilipokuwa nafundisha timu ya shule, mfanyabiashara mmoja wa mjini alituletea jezi na raba. Jina la duka lake lilikuwa kubwa kuliko la shule, nasi tukashukuru. Seta wangu alivaa namba 42, akapewa 44. Nikamwambia ajaze matambara. Mwenye duka alikuwa amekaa pembeni ya uwanja na mpiga picha wake, nami sikutaka mtoto mmoja aonekane na raba kuukuu. Seti ya pili aliruka kuzuia, akatua vibaya, kifundo cha mguu kikateguka. Alikaa nje muhula mzima. Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Raba zake za zamani zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, chini ya benchi nililokalia mimi.

Kwa hiyo ukifika huko, uliza habari ya mguu wako. Mikataba mingi ya namna hii huwataka wachezaji wavae raba za mdhamini, na huwakataza kufunika nembo kwa plasta. Mara nyingi pia huwa na nafasi kwa mwenye sababu ya kitabibu. Nafasi hiyo haimtafuti mtu. Unaiomba mapema, kwa daktari wa timu, kabla ya msimu, bila aibu. Raba mpya usiingie nazo kwenye mechi. Zivae mazoezini kwanza, uone kidole gani kinalalamika. Uvumilivu ninaousema ndio huo, mdogomdogo. Si wa kuhubiriwa.

Na mpira uulize pia. Hapo ndipo vifaa vinapoingia ndani ya mchezo wenyewe. Wewe umezoea Mikasa, unaotumika kwenye mashindano ya shirikisho la dunia. Fainali za vyuo vya wanaume kule kwa miaka mingi zimechezwa kwa Molten. Ajabu ni kwamba kampuni zote mbili zimetoka mji mmoja, Hiroshima. Lakini mkono unajua tofauti. Ngozi ya Molten haikamati kiganja kwa namna ileile, na sevu ya kuelea, ile unayojivunia, itakwenda usikotaka. Usije ukadhani umesahau mpira. Omba mpira mmoja, kaa nao jioni peke yako ukipiga sevu ukutani mpaka kiganja kiuzoee.

Kuhusu pesa, nitasema kidogo maana ndipo vijana mnapopotelea. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na utawaona wenzako wakipiga picha na raba za matangazo. Wewe utakuwa na viza ya mwanafunzi, F-1, na viza hiyo inabana sana kazi za kulipwa. Picha moja ya tangazo inaweza kukuletea maswali ya uhamiaji. Usisaini chochote kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijakisoma, hata kama mwenzako wa chumba amesaini na amepata. Yeye ni raia.

Ukitaka kujua karatasi zinaweza kuficha nini, mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilikuwa kinafunga mkataba na Reebok. Ndani mlikuwa na kifungu kinachowazuia waajiriwa wa chuo kuisema vibaya kampuni. Walimu waliposoma wakapiga kelele, na kifungu kikatolewa. Kiliondoka kwa sababu kuna mtu alikaa chini akasoma mpaka mwisho.

Ada nimeiacha kusudi, ila ndiyo iliyopaswa kuja kwanza. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu ya wanaume ya daraja la juu ilipewa nafasi nne na nusu tu za ufadhili kamili, zigawanywe kwa kikosi kizima. Kijana angeweza kupewa raba, begi na jezi bure, akabaki anadaiwa karo. Kanuni zimebadilika sasa, lakini kila chuo kinaamua kivyake kitatoa kiasi gani. Barua uliyonionyesha inasema "msaada", haisemi kiasi. Mwandikie kocha leo. Muulize ni asilimia ngapi ya ada, ni kwa miaka mingapi, na ukiumia inakuwaje. Akishakujibu hayo kwa maandishi, muulize na namba za raba.