Vipimo Viwili vya Mtoto Mmoja



Liko swali moja ambalo ni nadra kulisikia katika mahubiri, nami naona lastahili kuulizwa. Je, ni dhambi mzazi kupunguza umri wa mtoto wake mlangoni pa bustani ya michezo, ili jamaa nzima ipate kuingia na kufurahi?

Najua wengine watacheka. Watasema, "Kuna watu wanaoiba mamilioni, nawe wahangaika na mtoto wa miaka mitatu!" Ni kweli. Lakini wengi wetu hatutapata kamwe nafasi ya kuiba mamilioni, na kwa hiyo dhambi hiyo haitupimi. Hii ya mlangoni yatupima sisi sote. Na Bwana wetu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo ndiye awezaye kuaminiwa katika lililo kubwa (Luka 16:10). Basi tulitazame jambo hili bila haraka.

Tuchukue mfano wa Disneyland, bustani maarufu iliyoko Anaheim katika jimbo la California, Marekani. Pale mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 huingia bure. Wa miaka 3 hadi 9 hukatiwa tiketi ya mtoto. Akitimiza miaka 10 hulipa kama mtu mzima. Utaratibu wa namna hii uko mahali pengi duniani, na hata kwetu tunaujua katika nauli na viingilio. Fikiri basi baba na mama waliofika pale na watoto wao, na yule mdogo ametimiza miaka 3 mwezi uliopita. Neno moja tu dirishani, "Huyu ana miwili," na fedha ya tiketi nzima yabaki mfukoni.

FURAHA YENYEWE SI DHAMBI

Kabla ya kuujibu uongo, tuseme neno juu ya safari yenyewe. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kutumia fedha kwa kuwapeleka watoto kwenye bembea na magari ya kuzunguka ni upuuzi. Sikubaliani nao. Nabii Zekaria, alipotaka kueleza jinsi Yerusalemu utakavyokuwa Mungu atakapourudia, alisema njia zake zitajaa wavulana na wasichana wanaocheza (Zek. 8:5). Michezo ya watoto ni alama ya amani. Mji ambao watoto hawawezi kucheza ni mji wenye vita, au njaa, au hofu.

Walt Disney mwenyewe alieleza kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika Griffith Park mjini Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Watoto walifurahi na baba aliketi tu. Akawaza kwamba pafaa pawepo mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi pamoja. Hilo ni wazo jema. Mzazi anayefanya kazi mwaka mzima, kisha akatenga siku moja awe pamoja na watoto wake, afanya jambo la upendo. Na kwa kuwa ni jambo la upendo, yatupasa kuuliza kama uongo una nafasi ndani yake.

HOJA ZA WANAOUTETEA

Tuwatendee haki wanaoutetea. Hoja zao ni nne, wala si za kipumbavu.

Hoja ya kwanza husema: "Wenye bustani ni matajiri. Mtoto huyu mdogo hatakula chao wala hatachakaza chao. Nani ameumia?" Lakini amri ya nane haikusema usimwibie maskini tu. Zaidi ya hayo, uongo wa namna hii hauishii kwa tajiri. Disneyland ilipofunguliwa, tarehe 17 Julai 1955, kwa wageni walioalikwa tu, wengi waliingia kwa tiketi za kughushi, na husimuliwa kwamba mtu mmoja aliegemeza ngazi kwenye ua akawavusha watu kwa malipo. Watu wapatao 28,000 walijazana ndani. Chakula na vinywaji vikapungua, mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha katika jua kali, na walioteseka ni wageni wenyewe pamoja na watoto wao. Tajiri hakukosa maji siku ile.

Tena uko mfano wa karibu zaidi. Kwa miaka mingi bustani za Disney zilikuwa na kadi maalumu kwa ajili ya walemavu, na mara nyingi mwenye kadi hiyo na jamaa zake hawakuhitaji kusimama katika foleni ndefu. Mwezi Mei 2013 gazeti la New York Post liliandika kwamba familia nyingine tajiri zilikuwa zikimkodi mlemavu aende pamoja nazo kana kwamba ni ndugu yao, ili zipite mbele. Mwezi Oktoba mwaka huohuo utaratibu ule ulifutwa, ukawekwa mwingine ambao humpa mlemavu saa ya kurudi badala ya kumpitisha moja kwa moja. Wazazi wa watoto ambao ubongo wao hauwezi kustahimili kungoja walilalamika sana, na mwaka 2014 baadhi yao walikwenda mahakamani. Mlango wa huruma ulifanywa mwembamba kwa sababu waongo waliupitia, na walioachwa nje ni wale uliofunguliwa kwa ajili yao. Ndivyo ilivyo: tunaposema uongo kwa mwenye nguvu, mara nyingi mnyonge ndiye anayelipa.

Hoja ya pili husema: "Mpaka wenyewe hauna maana. Jana alikuwa bure, leo analipiwa. Amebadilika nini usiku mmoja?" Hajabadilika. Lakini kila mpaka lazima uwekwe mahali fulani, na popote utakapowekwa yuko mtoto atakayekuwa amepita kwa siku moja. Ukiusogeza hadi miaka 4, nung'uniko litahamia huko. Jambo ambalo watu husahau ni hili: nafuu ya bure kwa mtoto mchanga ni kama zawadi, na zawadi hiyo hutolewa mara nyingi kwa kuamini neno la mzazi. Mwenye tiketi hakudai cheti cha ubatizo. Ameuliza, nasi tukajibu, naye akaamini. Kumdanganya ni kuichoma imani ileile iliyotufanya tuhurumiwe. Watu wakizidi kuichoma, siku moja kila mama atatakiwa kuja na cheti mkononi, na yule ambaye cheti chake kimepotea atarudishwa pamoja na mtoto wake mchanga.

Hoja ya tatu husema: "Nafanya kwa upendo. Bila kupunguza umri tutashindwa kuingia wote." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami nitairudia.

Hoja ya nne hutoka katika Maandiko yenyewe. Wakunga Shifra na Pua walimdanganya Farao (Kutoka 1), na Rahabu aliwaficha wapelelezi kwa kusema uongo (Yoshua 2), na wote hao wakabarikiwa. Kanisa limebishana juu ya habari hizi kwa karne nyingi. Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, alishikilia kwamba kila uongo ni dhambi, na kwamba wakunga walipewa thawabu kwa huruma yao wala si kwa uongo wao. Mwanafalsafa Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1797, alikataa uongo hata kwa muuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki yako. Wengi wameona kwamba hapo alipita kiasi, nami ni mmoja wao. Muuaji hana haki ya kupewa ile kweli atakayoulia. Lakini tukikubali hivyo, tumepata nini? Wakunga waliokoa maisha ya watoto. Sisi twaokoa bei ya tiketi. Toka Farao hadi dirisha la tiketi ni mwendo mrefu, na yule kijana aliyeajiriwa kukaa pale dirishani hajamtishia mtu.

MTOTO ANASIKIA

Sasa tumgeukie yule ambaye hakuna aliyemwuliza, yaani mtoto mwenyewe.

Mtoto wa miaka mitatu hajui mengi juu ya nafsi yake. Ajua jina lake. Amjua mama yake. Na siku chache zilizopita alifundishwa kuinua vidole vitatu kila aulizwapo umri, na kila alipoinua watu wazima walimshangilia. Hiyo ni moja ya kweli za kwanza alizopata juu yake mwenyewe, naye ana fahari nayo. Kisha wamefika mlangoni, kijana wa tiketi ameinama akamwuliza kwa wema, "Una miaka mingapi?" Mtoto ameinua vidole vitatu, na mama amekishika kimoja, akakikunja.

Somo gani limefundishwa? Hajafundishwa kwamba uongo ni mbaya lakini leo tuna shida. Mtoto wa umri huo hawezi kufahamu maneno hayo. Amefundishwa kwamba idadi ni ya yule anayeihitaji, na kwamba baba na mama, ambao kwake ndio kipimo cha kweli yote, hukigeuza kipimo fedha ikidai. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Miaka kumi baadaye, atakaposema yuko kwa rafiki yake akisoma naye hayuko huko, tutauliza amejifunza wapi.

Tena jambo hili lina upande wa pili, ambao ungechekesha kama usingekuwa wa hatari. Ndani ya bustani hizo yako magari ya reli yanayopanda na kushuka kwa kasi, na mlangoni pake hapaulizwi umri bali kimo. Kwa mfano, lile la Disneyland liitwalo Big Thunder Mountain, lililofunguliwa mwaka 1979, halimpokei mtoto aliye chini ya sentimita 102. Sababu yake ni chuma kinachoshuka mapajani kumzuia abiria. Chuma hicho husimama mahali mwili wa mtu mzima unapokiruhusu kusimama, na mtoto mdogo aliye kando ya baba yake aweza kubaki na nafasi ya kuchomoka gari likipinda. Hata hivyo wako wazazi wanaojaza karatasi ndani ya viatu vya mtoto ili kimo kifike. Asubuhi mtoto huyo alikuwa mdogo kuliko alivyo. Adhuhuri amekuwa mkubwa kuliko alivyo. Mithali husema kwamba mizani mbili na vipimo viwili, vyote ni chukizo kwa Bwana (Mit. 20:10). Twazoea kusoma maneno hayo tukimfikiria mwenye duka na kibaba chake. Hapa kinachopimwa ni mtoto wetu wenyewe. Na ule mkono uliozoea kukunja kidole mlangoni ndio unaojaza karatasi viatuni, kwa maana tabia haiulizi kama leo ni hatari au si hatari.

WASIO NA UWEZO

Niirudie hoja ya tatu. Iko jamaa ambayo kwa kweli haina fedha ya kutosha. Watoto wameahidiwa. Wamevaa nguo za sikukuu. Je, tuwaambie warudi nyumbani kwa ajili ya kweli?

Sitasema kwamba jibu ni jepesi. Kweli ina gharama, na hapa gharama yake ni machozi ya mtoto. Asiyehesabu machozi hayo hajui anachohubiri. Lakini kati ya kudanganya na kurudi nyumbani pana njia ambazo hatuzijaribu. Twaweza kusema wazi: "Ndugu yangu, huyu ana miaka mitatu kamili, nasi tumepungukiwa. Waweza kutusaidia?" Huenda akakataa. Huenda pia akakubali, na hapo tumepokea wema bila kuuiba. Twaweza kuhesabu fedha nyumbani, kwa umri wa kweli, kabla ya kuahidi. Na zikipungua, kuchagua furaha iliyo ndogo: ufuko wa bahari, mpira na chakula katika kikapu. Mtoto wa miaka mitatu hajui bei ya furaha. Ajua tu kama baba yake yupo naye.

Nasi wengine tunaojaliwa kidogo zaidi tusikae tukiwahukumu. Kama katika mtaa wetu wako wazazi wanaolazimika kuchagua kati ya kweli na furaha ya watoto wao, hilo ni deni letu pia. Safari moja ya shule ya Jumapili, iliyochangiwa na usharika, ambayo kila mtoto ahesabiwa kwa umri wake na kulipiwa kwa umri wake, yaweza kufundisha zaidi ya mahubiri mengi juu ya amri ya tisa.

Katika mabasi yetu pia wako wazazi wanaompakata mtoto mwenye miguu mirefu inayogusa sakafu, wakisema bado ni mdogo. Kondakta ajua, abiria wajua, na mtoto ajua kuliko wote. Wazazi wenzangu, wiki hii mtoto akiulizwa umri wake, dirishani au garini, tumwache ajibu mwenyewe. Akiinua vidole vitatu, tulipe vitatu. Na kama hatuwezi, tuseme hatuwezi. Mungu atupe neema ya kuwalea watoto wetu katika kipimo kimoja.