Kabla ya Kichwa cha Tasnifu

Mwanangu, umenijia na kichwa cha tasnifu ya uzamivu juu ya Duns Scotus, mwanafalsafa wa Zama za Kati. Kiweke kando kwanza. Kilatini chako kikoje? Siulizi kile cha sala. Nauliza kile cha wanafunzi wa Paris na Oxford, walioandika kwa vifupisho hata neno zima likabaki herufi mbili na kistari juu.

Nakuuliza kwa sababu ya yaliyompata mwanafalsafa Martin Heidegger. Mwaka 1915, huko Freiburg, alitoa tasnifu juu ya Scotus, na sehemu yake kubwa akaijenga juu ya kitabu cha sarufi kilichochapwa pamoja na kazi za Scotus tangu toleo la Lyon la 1639. Mwaka 1922 Martin Grabmann akaonyesha kuwa kitabu hicho ni cha Thomas wa Erfurt. Akili Heidegger hakupungukiwa. Aliliamini toleo, basi.

Scotus ni mgumu zaidi kwa jambo hili la matoleo. Alifariki Cologne mwaka 1308 akiwa bado anasahihisha kazi yake kuu, *Ordinatio*. Masomo mengine ya Paris tunayo kwa kalamu za wanafunzi waliomsikiliza. Toleo la Vatikani la kazi zake lilianza kutoka 1950, na *Ordinatio* ikakamilika 2013.

Kazi hii ya kuandaa matoleo humaliza watu. Fidelis a Fanna alizunguka mamia ya maktaba za Ulaya akisaka hati za Bonaventura, akafa 1881. Juzuu ya kwanza ikatoka Quaracchi, karibu na Florence, mwaka uliofuata. Philotheus Boehner aliandaa njia ya toleo la Ockham kule New York, akafa 1955, miaka 12 kabla ya juzuu ya kwanza. Kama unatafuta sifa za haraka, soma kitu kingine, wala sitakulaumu.

Ajira? Utafundisha mantiki na maadili mchana, Scotus umsome usiku. Bonaventura naye alichaguliwa mkuu wa shirika la Wafransisko mwaka 1257, akaacha kiti cha ualimu Paris. Kitabu chake *Itinerarium* kilikuja baada ya hapo. Wazo lilimjia mlimani La Verna, 1259.

Basi jifunze kusoma hati za mkono, kisha chagua swali moja dogo ndani ya *Lectura* ya Scotus, la kurasa chache, uniletee. Kichwa ulichonacho kinatosha watu watatu.