Uhai na Uzima

Mkate mzima, siku nzima, kijiji kizima: neno hili la Kiswahili hubeba maana ya ukamilifu kila linapokwenda. Ni kweli kwamba mtu aliye hai naye huitwa mzima, lakini tunapoamkiana asubuhi na kuulizana kama tu wazima, hakuna anayetaka kuhakikisha kwamba mwenzake hajafa. Tunauliza kama mwili una nguvu, kichwa kimetulia na mikono inafanya kazi. Maradhi ya mlipuko yanapoingia nchini, busara hiyo ya salamu huachwa mlangoni. Taarifa hutaja walioambukizwa, waliofariki na waliopona, na katika kundi la waliopona hutupwa kila mtu ambaye hakuzikwa. Swali ninalolishika hapa ni la imani na falsafa kabla halijawa la utabibu: je, mpango wa afya unaolinda uhai na kuusahau uzima umetimiza wajibu wake? Naamini haujautimiza.

Ushahidi wa kwanza uko katika jina la ugonjwa. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ilizuka katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Haikuua wengi, lakini iliwashika watu viungo kiasi cha kuwapinda, na wenyeji wakaiita chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza huko kukunjwa. Leo dunia nzima inatumia jina hilo, na madaktari wanajua kwamba maumivu ya viungo huweza kubaki miezi, hata miaka, baada ya homa kuondoka. Ushahidi wa pili ni mafua ya 1918, yaliyoikuta Tanganyika imechoshwa na vita na upagazi. Wanahistoria waliochunguza kusini magharibi mwa nchi wanaihusisha njaa iliyofuata na unyonge uliobaki katika miili ya walionusurika: waliopaswa kulima hawakuwa na nguvu za kulima. Ushahidi wa tatu ni wa juzi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya hali inayofuata UVIKO-19: uchovu, kukosa pumzi na akili kushindwa kutulia, dalili zinazokuwapo miezi 3 tangu maambukizi, zikadumu angalau miezi 2 bila kuwa na sababu nyingine. Shirika hilo linakadiria kuwa huwapata watu 6 hivi katika kila 100 waliougua.

Tuipeleke hoja hii Ngerengere, kwenye tambarare ya mashariki ya Morogoro, penye mahindi, mkonge na reli. Mwajiriwa wa mjini akichoka hupata likizo ya ugonjwa. Mkulima wa huku hana mtaji mwingine zaidi ya mgongo wake, wala mwanamke anayeshuka milima ya Uluguru na ndizi kichwani hana wa kumlipa siku asizoshuka. Pumzi ikipungua, shamba hupungua. Shamba likipungua, chakula na ada ya mtoto hupungua. Tena Ngerengere haikujificha porini. Treni za Reli ya Kati zimepita hapa tangu enzi za Wajerumani, na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 ina kituo hapa. Njia inayowahi kuleta abiria huwahi pia kuleta maradhi. Hivyo anayedhani kwamba athari za muda mrefu ni tatizo la mataifa tajiri ameigeuza hesabu: tajiri huzitambua mapema, maskini huzilipa kwa nguo ya mwilini.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa muumini: afya na maradhi viko mikononi mwa Mungu, na kuhangaika kupita kiasi ni upungufu wa imani. Lisidharauliwe, maana Aprili 2020 taifa liliitwa kwenye siku 3 za maombi, na wengi walipata humo utulivu ambao hakuna dawa ingewapa. Lakini dini zenyewe zimelijibu. Khalifa Umar alipoelekea Sham akasikia tauni imeingia huko, aliamua kurudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Kujikinga nako kumo ndani ya majaaliwa. Na katika Injili, Msamaria aliyemkuta majeruhi njiani hakuridhika kumwona anapumua. Alimfunga vidonda, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa, kisha akaahidi kurudi kulipa gharama itakayozidi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisahau: wajibu wake haukuisha pale hatari ya kifo ilipopita. Atakayesema kwamba maumivu ni mtihani wa kuvumiliwa, nitamjibu kwamba subira ni fadhila ya mgonjwa. Haiwezi kuwa kisingizio cha jirani yake wala cha serikali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la njaa. Ukiogopa kila athari, utafunga masoko, na anayekula kwa kibarua cha siku atakufa kabla virusi havijamfikia. Nakubali, na ndiyo maana sitetei kufungia watu ndani. Lakini kati ya kufunga kila kitu na kuacha kila kitu yako mengi: madirisha wazi darasani, msikitini na kanisani, maji na sabuni sokoni, mgonjwa kuruhusiwa kupumzika bila kuitwa mvivu, chanjo kwa anayeitaka, na ukweli kwa wote. Ukweli nautaja mwisho kwa sababu ndio uliokosekana. Baada ya Aprili 2020 Tanzania ilibaki na wagonjwa 509 wa UVIKO-19 na vifo 21 katika takwimu zake kwa zaidi ya mwaka, na kile kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na pasipo kilio, ulemavu wa kimyakimya haumfichui mtu yeyote.

La tatu ni la mwenye shaka: uchovu una sababu elfu, malaria, kichocho, upungufu wa damu, uzee, nani atajua upi umeletwa na mlipuko, na fedha za kliniki maalumu zitatoka wapi? Swali la chanzo ni halali, lakini linadai uchunguzi, halihalalishi kupuuza. Wala hatuhitaji kuanza na majengo mapya. Kifua kikuu kimetufundisha kumfuata mgonjwa kwa miezi 6, dozi kwa dozi, hadi kijijini kwake. Desturi hiyo ikiongezewa maswali machache, kama vile umerudi shambani, unapanda kilima bila kusimama, unalala, mhudumu wa afya wa kijiji angeona kile ambacho takwimu za taifa hazikioni. Gharama yake ni daftari na mtu wa kusikiliza.

Mwili ni amana, na anayekabidhiwa amana hasemi ameirudisha kwa sababu tu haikupotea yote. Mlipuko mwingine ukija, zahanati zetu na ziandike safu ya nne pembeni mwa wagonjwa, wafu na waliopona: walio hai ambao bado si wazima. Safu hiyo ikiachwa wazi, itajazwa na mashamba yasiyolimwa.