Matanga Hayajaisha

Somo: Ayubu 2:11-13

Rafiki watatu wa Ayubu hawakuwa watu wa kabila moja. Elifazi alikuwa Mtemani, Bildadi Mshuhi, Sofari Mnaamathi. Kila mmoja alitoka kwao, wakapatana, wakaenda pamoja. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua, jinsi maradhi yalivyomharibu. Walilia, kisha wakaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, pasipo neno. Baadaye walipoanza kumweleza sababu za mateso yake, walimzidishia uchungu. Kazi yao njema kuliko zote ilikuwa ya zile siku saba.

Kazi hiyo ndiyo tuliyozuiwa kuifanya mwaka 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi. Muda si muda makanisa na misikiti ikafungwa, na mazishi yakawa ya watu 15. Tarehe 29 Aprili serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab. Ibada ziliporudi mwezi Julai ziliruhusiwa saa moja tu, watu wasizidi 100, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Amri hizo zilikuwa na sababu: ugonjwa ulisafiri katika pumzi, na wazee ndio uliowaua zaidi. Lakini wazee hao hao ndio wanaojua kukaa na mfiwa.

Kakuma imepokea mataifa mengi tangu 1992, na kila taifa lina desturi zake za msiba. Wakongo hukesha na nyimbo. Wasomali hupokea watu wa taazia kwa dua. Mzee wa Kiturkana huja na kigoda chake, ekicholong, akaketi kivulini na wenye msiba. Desturi ni tofauti, ila zote zinataka mtu afike kwa miguu yake. Katika hizo hakuna inayomwacha mtu aomboleze peke yake. Kwa hiyo habari za kifo zilipoingia kwa simu kutoka Juba, Bukavu au Mogadishu, na njia zimefungwa, jirani wa mataifa yote waliumia kwa namna moja. Hata huku Lodwar wapo waliosikia mama amezikwa, na hawakumwaga hata konzi moja ya udongo kaburini.

Machozi yaliyozuiwa hayakukauka. Leo yanaonekana kwa mwanamume anayegombana na kila mtu nyumbani, kwa mama asiyepata usingizi, kwa kijana aliyehamia kwenye pombe. Sisi husema huyu ni mjeuri, yule ni mvivu, mwingine hana imani. Hapo tunaifuata ile sehemu mbaya ya rafiki wa Ayubu. Tunamwambia mfiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, au kwamba marehemu alikuwa amekula chumvi nyingi, ili anyamaze nasi tuondoke.

Wiki hii, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ikumbuke nani alizikiwa ndugu katika miezi ile bila watu. Nendeni kwake, hata kama miaka imepita. Wazee watangulie. Kama ni jirani wa taifa jingine, muulizeni kwao msiba hukaliwaje, mfuate desturi yake. Na lugha zisipokutana, nendeni na mkalimani. Akiwa Mwislamu, msigeuze ziara kuwa mahubiri. Ulizeni jina la marehemu na alikuwa mtu wa namna gani, kisha msikilize. Mkiona mtu hali wala halali kwa majuma, au anasema afadhali afe, msimwache peke yake: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mmoja wenu abaki naye. Sala haishindani na daktari.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlilia Lazaro, uwapokee waliozikwa na wachache. Utupe miguu ya kufika kwa mfiwa, na subira ya kuketi naye bila haraka ya kusema. Amina.