Saa Hii ni ya Nani?

Anayetaka cheti cha kwanza cha ukocha kutoka International Coaching Federation lazima awe amekaa na wateja kwa saa 100. Kati ya hizo, 75 ziwe zimelipiwa, na wateja wenyewe wasipungue wanane. Cheti cha pili kinadai saa 500, na cha juu kabisa saa 2,500. Zote zinaandikwa kwenye daftari moja: jina la mteja, mawasiliano yake, siku mliyoanza, siku mliyomaliza, saa zilizolipwa na zile za bure. Nusu saa nayo inahesabiwa kama nusu.

Kocha ninayemzungumzia si yule wa uwanjani. Huyu hamwelekezi mtu la kufanya wala hamtibu. Anauliza, ananyamaza, anasikiliza, mpaka mteja ajisikie mwenyewe akitamka jambo ambalo amelizunguka kwa miaka. Kazi ya namna hiyo utaipimaje kwa saa? Kuna dakika tano zinazogeuza maisha ya mtu, na kuna saa nzima ya maneno mazuri yasiyoacha kitu. Daftari linaziandika zote kwa wino uleule.

Hata hivyo silidharau. Usikivu haujifunzwi kitabuni. Unakuja kwa kukaa na watu wengi wasiofanana: mwalimu anayewaza kuacha kazi, mjane aliyerithi duka asilolijua, kijana aliyepandishwa cheo akawa bosi wa rafiki zake. Kila mmoja anakunyang'anya swali ulilokuwa umelizoea. Hata sharti la malipo, ambalo kwanza lilinikera kwa sababu wanaohitaji sana msaada huu mara nyingi hawana cha kulipa, nimekuja kuliona lina busara yake. Malipo yanaweza kuwa ya kiasi chochote. Hata kubadilishana bidhaa au huduma kunakubalika. Anayetoa kitu, hata kama ni trei ya mayai, ana haki ya kudai kazi ifanyike. Anayepewa bure huona aibu kusema hajasaidika.

Kinachonisumbua ni kingine. Kocha mzuri anafanya kazi ili asihitajike tena. Daftari lake linajazwa na wale wanaoendelea kumhitaji. Mteja akiipata njia yake mapema na kuaga kwa furaha, hiyo ni kazi iliyofanikiwa, na inaingia kama saa chache tu. Mwingine akirudi kila wiki kwa sababu amezoea kubebwa, saa zinapanda. Hakuna anayekusudia udanganyifu. Lakini mwanafunzi wa ukocha aliyebakiza saa chache kufikia lengo huanza kusikia sauti ndogo mteja anapouliza, "Unadhani bado tuna la kuzungumza?" Jibu litakalotoka hapo ndilo ukocha wenyewe. Kama kocha ameiangalia hesabu yake kabla ya kumwangalia mtu aliye mbele yake, saa hiyo imeshabadilisha mwenyewe, na mteja anailipia bila kujua kwamba si yake tena.

Nadhani ndiyo maana ni sawa kwamba mteja anatakiwa aridhie jina lake kuwekwa kwenye daftari. Wengi huichukulia ridhaa hiyo kama karatasi nyingine ya kusaini. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu yenye heshima kuliko zote, kwa kuwa inamkumbusha kocha kwamba anachokihesabu ni sehemu ya maisha ya mtu mwingine, na kwamba ameomba ruhusa ya kukihesabu.

Njia ya cheti ina saa nyingine 10, za kukaa na kocha mzoefu kwa muda usiopungua miezi mitatu, akipima namna unavyofanya kazi. Huko ndiko ningetaka swali hili liulizwe. Mwanafunzi asiulizwe kwanza amefikisha saa ngapi. Aulizwe ni mteja gani alimwachilia mapema, na alijuaje kwamba wakati umefika.