Pilipili ya Mgeni

Wazee husema mwacha mila ni mtumwa, nami sina ugomvi nao. Lakini kabla ya kumlaumu mtu kwa kuacha mila, inafaa tujiulize: mila yenyewe ilitoka wapi? Je, kitu kilicholetwa na mgeni kinaweza kuwa chetu kweli, au tutabaki waazimaji milele?

Swali hili mimi hulipima kwa chakula cha Thailand, ambacho sifa yake kubwa duniani ni ukali wa pilipili. Ajabu ni kwamba pilipili hiyo asili yake ni bara la Amerika. Wareno waliiteka Malacca mwaka 1511, na mwaka huohuo mjumbe wao akafika Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, kama nchi hiyo ilivyoitwa zamani. Biashara yao ndiyo iliyosaidia kueneza pilipili katika Asia. Kabla ya hapo, ukali wa mchuzi ulitokana na vitu kama pilipili manga. Leo Wathai huiita pilipili ya mgeni *phrik* tu, na ile ya zamani *phrik thai*, yaani pilipili ya Kithai. Mgeni amelitwaa jina, na mwenyeji imembidi ajitambulishe nyumbani kwake! Sisi Waswahili nasi tuliiita ile ya zamani pilipili manga, yaani ya Uarabuni, ingawa asili yake ni India. Jina la chakula, basi, si hati ya kukimiliki.

Tena si pilipili peke yake. Wachina walileta tambi, karai na ufundi wa kukaanga kwa moto mkali. Mchuzi wa *massaman*, ambao jina lake linahusishwa na Waislamu, una iliki, mdalasini na karafuu. Maria Guyomar de Pinha, mwanamke wa Ayutthaya mwenye damu ya Kijapani na Kireno, anatajwa kuwa ndiye aliyefundisha vitamutamu vya viini vya mayai, vinavyofanana na vile vya Ureno.

Hata hivyo, Wathai hawakupokea kama kasuku. Viungo vya wageni wakavitia katika tui la nazi, wakaongeza ukwaju na mchuzi wa samaki, wakaonja na kurekebisha mpaka ulimi wao ukaridhika. Kwa hiyo jibu langu ni hili: kitu huwa chetu kwa kukifanyia kazi, hata kama hatukuzaliwa nacho.

Lakini hapo linazuka swali gumu zaidi, nalo ni la deni. Plaek Phibunsongkhram alikuwa waziri mkuu kuanzia 1938 hadi 1944, na mwaka 1939 Siam ikaitwa Thailand. Serikali yake iliwahimiza wananchi kula tambi, na *pad thai*, tambi za kukaanga zenye jina la taifa, zikapata umaarufu. Katika miaka hiyohiyo shule nyingi za Kichina zilifungwa, na baadhi ya kazi zikatengwa kwa Wathai peke yao. Tambi zilipewa uraia, huku ndugu za waliozileta wakitiliwa shaka.

Sioni kosa kuziita tambi hizo za Kithai. Zimekwisha kuwa za Kithai. Dhuluma ninayoiona ni kukipenda chakula na kumchukia mpishi. Wala tusidhani ni ya huko mbali tu. Mahindi na muhogo, tunavyosongea ugali, navyo vilitoka Amerika, na bado nani atathubutu kutuambia kwamba ugali si wetu?

Tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tukishapona, tukumbuke ni nani aliyetuponya. Anayetaka kulinda mila na ailinde, ni haki yake. Ila kabla hajanyanyua mkono kumfukuza mgeni mlangoni, kwanza atazame sahani yake.