Nani Anakesha Nyumbani Kwenu?



Vijana wenzangu, leo naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani nikiwa nimemaliza falsafa. Nikakuta mdogo wangu haendi tena Misa. Jumapili analala mpaka saa tano, usiku anabeti kwenye simu, na baba alikuwa ameacha kuongea naye kabisa. Nikajiambia kazi ya kuilinda familia hii ni yangu. Si mimi ndiye Frateri? Usiku wa kwanza tu nikamkalisha chini, nikamshushia zile njia tano za Mt. Thomas wa Akwino za kuonyesha kwamba Mungu yupo. Zote tano! Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza taratibu: "Kaka, kwani wewe unasali ukiwa peke yako, au mpaka kengele igongwe?"

Nilikosa jibu. Tangu nifike nyumbani sikuwa nimefungua hata kitabu changu cha sala. Na ukweli ni kwamba hata kule seminari, kwa miezi kadhaa, nilikuwa nasali kwa mdomo tu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Usiku ule usingizi ulikataa. Saa kumi alfajiri nikasikia sauti sebuleni, nikadhani ni mwizi. Kumbe ni mama. Amepiga magoti juu ya kitenge, gizani, Rozari mkononi, anataja majina yetu mmoja mmoja. Akamtaja baba. Akamtaja mdogo wangu, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanitaja mimi: "Bwana, huyu wa seminari, watu wanamwita Frateri, lakini mimi naona moyo wake umechoka. Usimwache."

Nilirudi kitandani nikalia. Nilikuja nyumbani nikijiona mlinzi, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nalindwa.

Asubuhi nilimuuliza ameanza lini kuamka vile. Akacheka. "Tangu nikiwa na mimba yako, baba. Au ulifikiri umefika huko kwa miguu yako mwenyewe?"

Wapendwa, fungueni Ayubu 1:5. Watoto wa Ayubu walikuwa watu wazima, wana nyumba zao na karamu zao. Lakini baba yao aliamka asubuhi na mapema kutoa sadaka kwa ajili ya kila mmoja wao, akihofu huenda wamemkosea Mungu mioyoni mwao. Maandiko yanasema ndivyo alivyofanya siku zote. Hakungoja mpaka tatizo litokee. Na baadaye msiba ulipoingia nyumbani kwake, ulimkuta ni mtu aliyezoea kupiga magoti.

Mt. Monika naye alimfuata mwanae Augustino kwa machozi miaka mingi. Kijana alikuwa msomi, ana majibu ya kila kitu (tunafanana kidogo hapo!). Siku moja alimdanganya mama yake, akapanda meli usiku kwenda Roma, akamwacha pwani ya Afrika anasali. Mama hakususa. Alivuka bahari akamfuata. Pasaka ya mwaka 387 Augustino alibatizwa Milano na Mt. Ambrosi, na mwaka huohuo Monika akafariki Ostia. Alichowaomba wanawe ni kwamba popote watakapokuwa wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Sasa tuseme ukweli. Siku hizi wengi wetu tukisikia "kulinda familia" tunawaza kitu cha kununua: mafuta, chumvi, stika ya mlangoni. Hata maji ya baraka na Rozari, ambavyo Mama Kanisa ametupa, tunaweza kuvigeuza hirizi. Katekisimu (namba 2111) inatuonya: kudhani sala au ishara takatifu inafanya kazi yenyewe bila moyo wa anayesali ni ushirikina. Rozari iliyoning'inia kwenye kioo cha gari haijasaliwa na mtu.

Basi tufanye nini? Mimi nilianza na haya matatu. Kwanza, nilikwenda kuungama. Huwezi kulinda mlango wa wengine wakati wako uko wazi. Pili, kila siku nawataja watu wa nyumbani kwa majina mbele ya Mungu, hata yule tuliyegombana naye. Tatu, kwenye Misa, mkate na divai vinapotolewa, naiweka familia yangu pale.

Na usiseme "mimi ni mdogo, hiyo kazi ya wazazi." Huenda nyumbani kwenu hakuna anayesali kabisa. Basi zamu ni yako.

Mnataka kujua kuhusu mdogo wangu? Bado hajarudi kanisani. Ila wiki ya mwisho ya likizo, mama na mimi tukiwa kwenye fumbo la tatu, alikuja akakaa pale mlangoni. Sijui alikuwa anasali au anasubiri chakula. Lakini alikaa mpaka mwisho, na baba akamwambia, "Sogea ndani, kuna baridi." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake baada ya miezi.

Leo usiku, kabla hujazima simu, taja jina moja la mtu wa kwenu. Moja tu. Kesho utaongeza la pili.

Mt. Monika, utuombee. Amina.